Mzazi wa Shimo la Matofali

Shule niliiacha darasa la tatu, siku nilipoifuata mashine ya kuchonga barabara mpaka ikaishiwa mafuta porini. Niliporudi, hakuna aliyepata nguvu ya kunirudisha darasani. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuona kitu na kukifuata. Nimepura mpunga Mchombe, nimepiga kasia kwenye mitumbwi ya Ifakara, nimemvukutia mhunzi mmoja mivukuto msimu mzima kwa sababu tu nilipenda cheche. Na katika miaka ya hamsini nikajikuta ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa Lupiro, nakanyaga udongo wa matofali pamoja na wanaume wachafu kuliko nguruwe na wachangamfu kuliko maharusi.

Matofali yalikuwa ya darasa jipya. Nyapara wetu, pande la mtu mwenye sauti ya kiboko, alikuwa amewaahidi wanakijiji kwamba tanuri litawashwa kabla ya mvua. Udongo tuliuchimba kwenye shamba la bibi mmoja mjane aliyetuita sote "waume zangu" na kutusimanga kila asubuhi kwamba hakuna hata mmoja wetu anayefaa kuolewa naye.

Asubuhi moja jembe la mtani wangu wa Mahenge liligonga chungu, kikapasuka. Akaruka nje ya shimo kama amekanyaga nyoka.

"Kaburi!"

Tulielewa mara moja. Wazee wa kule, mtu akifa, walitoboa chungu chake na kukiacha juu ya kaburi lake. Bibi alikuja akachungulia shimoni, na safari hii hakutuita waume.

"Kama hapa amelala mtu, jembe halishuki tena. Jumapili nikitoka misa nataka jibu."

Nyapara akashika kichwa. Udongo mwingine mzuri hakuujua, na mawingu yalikwishaanza kujikusanya upande wa milima. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akaniangalia mimi.

"Wewe unayeuliza hata nzi anakwenda wapi. Ingia uulize."

Nilikuwa nimeshaingia.

Sijawahi kufurahi vile. Nilichimba kwa vidole, kwa kijiti, kwa kijiko cha uji cha nyapara. Mfupa sikuuona hata mmoja. Niliona udongo ulioungua ukawa mwekundu, umezunguka duara kama kinu kikubwa. Nikatoa mabonge meusi, mazito, yenye vitundu. Nikayacheka kwa sauti, maana nilikuwa nimeyafagia sana kwa yule mhunzi: mavi ya chuma, takataka inayobaki chuma kikitoka motoni! Kisha ikatoka mirija ya udongo, minene kama mkono wa mtoto, ncha zake zimeyeyuka zikang'aa kama chupa. Mrija kama huo ndio tuliouchomeka kwenye mivukuto, ncha yake motoni.

"Si kaburi," nikamwambia mtani wangu. "Ni tanuri. Watu walipika mawe hapa wakatoa chuma."

"Na hiki?" Alikuwa ameshika kipande cha ukuta wa lile tanuri, kina kinundu cha mviringo chenye kichomozi katikati. Pembeni yake kulikuwa na kinundu kingine sawa na hicho.

"Titi," nikasema.

"Umelijulia wapi wewe, uliyenyonya mbuzi?"

Tulipanga vipande chini ya jua, mtani wangu akisahau kabisa kwamba aliogopa. Chini ya matiti kikaja kitovu. Chini ya kitovu, mstari wa vidoti vilivyobonyezwa kwa bua, kimoja baada ya kimoja, kuzunguka tanuri zima. Nilivitazama mpaka nikaketi. Zilikuwa shanga za kiunoni! Kuna mtu, kabla ya babu wa babu zetu, mikono imejaa matope kama yangu, alilivalisha tanuri lake shanga. Jiko la kuyeyusha mawe tu halihitaji shanga. Waliamini chuma hakitengenezwi, kinazaliwa, na anayezaa hupambwa. Na kile chungu nacho kilikaa chini ya sakafu ya tanuri, mdomo umefunikwa kwa jiwe bapa, ndani vijiti vyeusi: dawa ya mzazi, nikaamua. Nilizunguka shimo nikipiga makofi peke yangu kama kichaa.

Jumapili bibi alikuja na kanga yake ya misa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Amelala nani?"

"Hakuna aliyelala, bibi! Hapa hapakufa mtu, hapa palizaliwa." Nikamwonyesha kila kitu, nikirukaruka. Haya matiti. Hiki kiuno. Na hapa chini, kwa heshima yako, tundu alikotokea chuma. Nyapara alitabasamu hadi magego yakaonekana. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye jembe.

Bibi aliinama, akapitisha kidole juu ya zile shanga.

"Kwa hiyo huyu ni mzazi."

"Ndiyo, bibi!"

"Na hili shimo ni chumba chake."

"Ndiyo, bibi!"

"Na ninyi midume mnafanya nini chumbani kwa mzazi?"

Akavua kiatu. Tulitoka shimoni kama panya, huku kiatu kikitua mgongoni kwa nyapara.

"Mmemvua nguo! Mmemkanyaga! Mmemchimba na kijiko!"

"Mpumbavu wewe," nyapara alinifokea tukiwa nyuma ya migomba, anahema. "Ungeacha liwe kaburi! Kaburi tungeliomba radhi kwa kuku mmoja!"

Mtani wangu alicheka mpaka akalala chini. Na bibi, pale shimoni, tukamsikia naye anacheka, kisha anatuita. Shimo litafukiwa leo hii, alisema. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kichuguu kikubwa, udongo wake mzuri kuliko huu, tukichukue. Ila kwanza tumletee mzazi kuni, kama watu waliolelewa.

Tukaenda tukakata kuni. Wanaume wazima, kila mmoja na mzigo kichwani, tulikuja kwa mstari na kuzishusha ukingoni, bibi akipiga vigelegele vilivyowatoa majirani majumbani.

"Na mtoto?" nikauliza. "Tumekuja kuona mzazi bila kuona mtoto?"

Bibi aliingia ndani. Alitoka amebeba kitu kwenye kanga, akakifunua: jembe la zamani, la chuma cha kienyeji, limelika likabaki kama kiganja. Bibi yake aliolewa kwa mahari ya majembe kama hilo, alisema, na yeye sasa hulitumia kupalilia mchicha. Akamkabidhi nyapara, aliyelipokea kwa mkono mmoja kama anavyopokea jembe lolote.

"Mshike mtoto shingo!" bibi akamkemea.

Na lile pande la mtu likaweka kiganja chini ya jembe, taratibu, likaanza kulibembeleza.