Mkufu wa Mama Mdogo na Jogoo wa Angani

Nilikuwa bado mtoto wa kutafuna kola ya sare ya shule, kule Migori katika miaka ya tisini, nilipojifunza kuogopa vitu vinavyong'aa. Tangu wakati huo nimezunguka sana, nimelala katika viwanja vya ndege ambavyo hata majina yake siwezi kuyatamka, na watu huniambia mimi ni mwanamke jasiri. Hawajaniona mawingu yakikusanyika.

Nililelewa na mama mdogo, kwenye boma la mama yake, ambaye sote tulimwita Dani, yaani bibi. Mama Mdogo alikuwa mjane. Mumewe alifia ziwani, na shemeji yake kule Rusinga alikuwa anangoja kumrithi kama mila ilivyotaka. Alikataa. Alisema atakula kwa mikono yake. Shemeji alicheka tu, akamwambia, "Sawa. Mikono ikichoka, njia ya kurudi unaijua."

Mikono hiyo ilifua fedha. Aliyeyusha sarafu kuukuu za wakoloni na bangili zilizovunjika alizokuwa akizitafuta Isebania, akazigonga juu ya kipande cha chuma cha lori mpaka zikawa bapa, kisha akazipamba kwa vitu ambavyo wengine walivitupa: pembe la ng'ombe, kome wa ziwani, vijiwe vyeupe vinavyokaa ndani ya kichwa cha sangara. Kila mkufu ulijaribiwa kwenye shingo yangu. Nilijiona malkia, ingawa malkia mwenye kamasi.

Dani hakuchukia kazi hiyo. Alichukia mng'ao wake. Kwetu radi si hadithi, kila mtu anamjua mtu aliyepoteza ng'ombe. Dani alitufundisha kwamba radi ni jogoo mwekundu wa angani, anashuka kudonoa chochote kinachong'aa. Kukianza kunguruma, kioo kilifunikwa blanketi, sufuria ziligeuzwa, na mimi nilikimbia huku na huku kama kifaranga, nikifunika hata vijiko.

"Nyara, binti yangu," alimwambia Mama Mdogo siku moja mbele ya majirani, "hiyo fedha itamwita. Atakuja kuuchukua weupe wake."

"Mama, akija tutamchinja," alijibu Mama Mdogo, akaendelea kugonga.

Ndipo ikaja kazi kubwa ya kwanza, mkufu mpana wa bibi harusi wa Homa Bay, uliochorwa magamba ya samaki kwa ncha ya msumari. Mama wa bibi harusi alikuwa mtu wa kusikilizwa na akina mama wote wa kanisa lake. Akiusifu, kazi zingefuata. Akiukataa, nani tena angekuja? Shemeji naye alikuwa ametuma mtu kutusalimia, na kuuliza kama mikono imechoka.

Siku moja kabla ya wageni kuja kuuchukua, Mama Mdogo alikwenda Isebania. Alasiri mbingu zilifanya weusi, radi ikapasua mti nyuma ya kanisa, na mimi nikajikuta chini ya kitanda bila kukumbuka nimefikaje. Mama Mdogo aliporudi, mkebe wa bati alimouweka mkufu ulikuwa mtupu. Tulipekua kila mahali. Dani aliketi akinusa ugoro wake.

Asubuhi mkufu ulikuwa mezani, mweusi kama makalio ya sufuria.

"Yawa! Jogoo amepita!" alipiga kelele Mama Risper, jirani yetu, ambaye pua yake ilifika kabla ya hodi yake. Haukupita muda, watu wakawa wanamsalimia Dani kama nabii. Si alisema? Alikaa wima kwenye kigoda chake, akipokea. Mimi sikuweza kukaa. Niliingia, nikatoka, nikatazama barabara, nikatazama mawingu, nikaingia tena.

Mama Mdogo alisugua kwa majivu na ndimu mpaka vidole vikamwasha. Weupe ulirudi juu juu, lakini ndani ya mistari ya magamba weusi uligoma. Akiwa bado anasugua, wageni wakapiga hodi.

Mama wa bibi harusi alikuwa ameshasikia habari njiani. Aliushika mkufu kwa pindo la leso, kama mtu anayeshika nyoka. "Hiki kitu kimeguswa na radi. Binti yangu hataingia kanisani na moto wa juu shingoni."

 Mama Mdogo alianza kutia nyundo na koleo zake ndani ya karai, taratibu, na nikajua karai hilo linakwenda Rusinga.

Dani akakohoa. "Radi haikuugusa."

"Lakini Mama, wewe mwenyewe ulisema!" Mama Risper alishtuka.

"Nilisema. Halafu jana nikaogopa, nikauficha chini ya kuku anayeatamia. Jogoo hawezi kumpiga kuku aliyelalia mayai. Hata huyo wa angani ana adabu zake. Sikujua kuna yai viza. Likapasuka, maji yake yakautia weusi, nami alfajiri nikaurudisha mezani."

Dani akamgeukia mama wa bibi harusi.

"Nusa," alimwambia mgeni. "Nusa hapo kwenye mistari. Radi gani inanuka yai viza?"

Mgeni alinusa. Uso ulimkunjamana, mabega yakaanza kutetemeka, kisha akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Bibi harusi, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake, akauchukua mkufu, akaugeuzageuza. "Mama, angalia. Sasa magamba yanaonekana vizuri." Aliomba sabuni, akauosha, akauvaa.

Mama Mdogo hakurudi Rusinga. Baadaye nimeona masonara wa nchi za mbali wakiipaka fedha weusi kwa makusudi, nami nikacheka peke yangu dukani mpaka mlinzi akaanza kunifuata.

Lakini si fedha ninayoifikiria sana. Majirani walimtania Dani mpaka mwisho wa maisha yake, wakimuuliza kuku wake amelalia nini leo. Naye hakuacha kuamini. Kwake, kuku yule alituokoa kweli. Asubuhi ile alikuwa na kile ambacho mimi ningekishikilia kwa meno: neno lake lilikuwa limetimia, na mtaa mzima ulijua. Angenyamaza tu. Alimtazama mwanawe akifunga karai, akachagua kuchekwa.