Maganda ya Ta Kyaruzi

Kukata mkungu ni kazi ya mwanaume. Kuubeba begani kutoka kibanjani kwenye migomba mpaka uani, sawa, hakuna atakayekucheka. Lakini ukikaa chini, ukashika kisu ukaanza kumenya ndizi, hapo umevuka mpaka, na watu wa Buhembe watakuimba kuanzia kilabuni mpaka kanisani. Kyaruzi alilijua hilo tangu utotoni kwao Kagoma, Muleba, ambako baba yake aliwahi kulala njaa na mkungu mzima umeegemea ukutani, kisa mkewe amekwenda msibani. Watu walimsifu kwa msimamo. Hadi leo haijulikani walikuwa wanasifu nini.

Kyaruzi mwenyewe ni fundi wa kuchomelea. Mageti mengi utakayoyaona ukishuka kutoka Buhembe kwenda mjini Bukoba yamepita mikononi mwake, na hakuna hata moja linalolia likifunguliwa. Mkewe Alistidia ni mwalimu wa shule ya msingi. Walipokuwa wanaishi pamoja, nyumba ilijiendesha: mama alipika, baba alikwenda karakana, watoto wakala wakashiba. Kisha Alistidia akahamishiwa Bumbire, kisiwani, na tangu hapo anakuja nyumbani mwisho wa wiki, ziwa likikubali. Ziwa lina hiari yake.

Ndugu walishauri watoto wapelekwe Kagoma kwa bibi. Kyaruzi akakataa. Alisema watoto ni wake na shule yao iko Buhembe.

"Utaweza?" Alistidia alimuuliza siku ya kuondoka.

"Nitaweza," akasema, kama mtu anayepokea mzigo kabla ya kuuinua.

Chakula chake cha kwanza kilikuwa balaa. Alimenya ndizi bila kujipaka mafuta mikononi, utomvu ukamganda hadi vidole vikashikana. Akaziacha ndizi hewani bila kuziweka kwenye maji, zikawa nyeusi. Maganda aliyakata manene mno, nusu ya ndizi ikaenda na ganda. Kemilembe, binti yake mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tano, alikula kimya. Annastella, wa mwisho, aliuliza kama ndizi zimeungua kabla ya kupikwa au baada ya kupikwa. Philbert, wa katikati, aliomba mkate.

Lakini njaa ya mtoto ni mwalimu asiyekubali likizo. Kyaruzi alijifunza. Alijifunza kupaka mafuta, kuzamisha ndizi kwenye maji, kufunika sufuria kwa majani ya mgomba na kuyabana pembeni mvuke usitoroke. Alijifunza kwamba uji wa asubuhi ukiuacha ukageuka kutafuta soksi, utamwagika, na kwamba soksi ya pili ya Philbert haijawahi kulala mahali ilipolala ya kwanza. Alijifunza kuulizana na Kemilembe hesabu za darasa la sita huku anakoroga maharage.

Na hapo bado kuna kazi. Siku moja alipigiwa simu na shule kuwa Annastella ana homa. Akaacha mlango wa mteja umechomelewa upande mmoja, akaenda kumchukua, akampeleka zahanati, kisha akarudi naye karakana akamlaza kwenye benchi nyuma ya mabati. Mteja akaja juu. "Fundi, na mlango wangu?"

"Mlango wako hauna homa," Kyaruzi akamjibu, na akaendelea kumnywesha mtoto maji.

Sasa, mtu mwenye ulimi wa namna hiyo mbele ya wateja, ungedhani haogopi kitu. Aliogopa kuonekana anamenya ndizi. Alimenyea uani, mlango wa nyuma umefungwa kwa komeo aliloliunda mwenyewe. Utomvu ukiganda mikononi huwa mweusi na hautoki kwa sabuni, lakini fundi wa kuchomelea ana masizi kila siku, kwa hiyo mikono yake haikumsaliti. Watoto nao aliwafunga midomo. Mtu akiuliza nani anapika, jibu ni Kemilembe.

Jibu hilo Kemilembe hakulipenda. Wamama walimsimamisha njiani kumpongeza kwa kulea wadogo zake, wengine wakasema mume wake atafaidi. Alikuwa anatazama chini, wao wakadhani ni adabu.

"Tata, wananisifia kitu ambacho sijakifanya," alimwambia baba yake jioni moja.

"Ya jikoni yabaki jikoni," Kyaruzi akasema, na hakumtazama.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakumpongeza Kemilembe. Ni jirani yao, bibi mmoja anaitwa Ma Violeth, ambaye kila asubuhi alipita kuchukua maganda ya kulisha mbuzi wake. Aliyaangalia maganda, akaangalia mlango uliofungwa, akachukua ndoo yake akaenda zake. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Kemilembe akafika darasa la saba, na mahafali yakawadia. Walimu walimchagua yeye kusoma risala ya wahitimu mbele ya mgeni rasmi. Habari hiyo ilimfurahisha Kyaruzi hadi akaharibu bawaba mbili siku hiyo. Binti wa fundi, kusimama mbele ya watu wote wale na kipaza sauti! Usiku alimsikia chumbani akiisoma tena na tena, akapunguza sauti ya redio.

Mkutano wa wazazi ulikuwa umekubaliana kwamba kila familia ya mhitimu italeta mkungu mmoja na mtu wa kumenya. Wamama wangemenya asubuhi darasani, wababa wangefunga turubai, kupasua kuni na kuchinja. Familia isiyoleta mmenyaji, mhitimu wake angekaa kumenya mwenyewe. Kyaruzi hakuwa na wasiwasi, maana Alistidia alikwishaomba ruhusa na angefika Ijumaa.

Ijumaa upepo ukachafua ziwa. Alistidia alipiga simu kutoka mwaloni, ufukweni kisiwani, sauti yake inakatikakatika kwa upepo. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa mchangani na hakuna nahodha aliyekubali kuondoka. Alilia kidogo, kisha akaomba apewe Kemilembe. Dada yake Kyaruzi alikuwa Kagoma anamuuguza mama. Ma Violeth alikuwa na mjukuu wake mhitimu na mkungu wake wa kumenya. Kyaruzi alihesabu wanawake wote anaowajua akafika mwisho.

Jumamosi asubuhi aliamka akasugua mikono kwa mchanga na sabuni ya unga mpaka masizi ya wiki nzima yakatoka. Akavaa shati jeupe la kanisani. Hivyo ndivyo baba wa msoma risala anavyotakiwa kuonekana. Akabeba mkungu begani juu ya gunia, wakaondoka wote wanne.

Shuleni wamama walikwishaketi chini kwenye majani ya mgomba, wamezungusha beseni za maji. Mwalimu Farida, aliyesimamia risala, alikuwa mlangoni anamsubiri msomaji aende kufanya mazoezi ya mwisho.

"Kemilembe, mama yuko wapi?"

"Ziwa limechafuka, mwalimu. Nitamenya mimi."

Mwalimu Farida akakunja uso. Alieleza kwa upole kwamba mazoezi yanaanza sasa hivi, na ndizi za mkungu mmoja zitamchukua binti asubuhi yote. Itabidi risala apewe mwenzake. Kemilembe akaitikia, akatoa karatasi ya risala mfukoni, akainyoosha mikunjo kwa kiganja na kumpa mwalimu. Hakulia. Alivua viatu, akatafuta nafasi kati ya wamama, akachukua kisu.

Kyaruzi alikuwa amesimama na mkungu bado uko begani. Upande wa pili wa uwanja wababa walikuwa wanamwita aje ashike kamba ya turubai. Sauti iliyotangulia zote ilikuwa ya Gamaliel, rafiki yake wa miaka mingi. Kyaruzi akaiangalia karatasi mkononi mwa mwalimu. Binti huyu amebeba uongo wake kwa miaka miwili na zaidi, na sasa anabeba na mkungu. Aibu ilimpanda usoni, safari hii si ile ya kuogopa kuchekwa. Aliona haya kwa sababu ya mtoto.

Akautua mkungu. Akakunja mikono ya shati jeupe.

"Inuka," akamwambia Kemilembe. "Nenda kasome."

"Tata, watu wapo."

"Nimewaona. Inuka."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alikaa palepale binti alipoinuka, akaomba mafuta kwa mama wa jirani, akapaka viganja, akaanza. Wamama wakasimamisha visu kumtazama. Kemilembe alibaki amesimama mpaka Mwalimu Farida akamrudishia karatasi na kumshika bega kumtoa nje.

Gamaliel alikuja kuona kwa nini kamba haina mtu, akachungulia dirishani. "Ta Kyaruzi," akasema, na wababa wawili nyuma yake tayari wanacheka, "umeolewa lini na hukutualika?"

Baadhi ya wamama wakacheka pia. Kyaruzi aliendelea kumenya, masikio yanamuwaka. Ma Violeth akanyoosha mkono, akaokota ganda mojawapo la Kyaruzi, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Waitu jamani, mimi mbuzi wangu nimemlisha maganda ya huyu bwana tangu mkewe aende Bumbire," alisema. "Mwanzo yalikuwa manene, mbuzi akanona hadi watu wakaniuliza nampa nini. Siku hizi yamekuwa membamba, mbuzi amekonda. Mimi ndiye mwenye hasara hapa, na sijalalamika. Wewe Gamaliel unalalamikia nini?"

Kicheko cha wamama kilichofuata kilikuwa cha namna nyingine. Gamaliel akarudi kwenye turubai. Mama mmoja akamsogezea Kyaruzi beseni la maji, mwingine akamwuliza majani anayabana vipi kwenye sufuria, na kabla ya mkungu kwisha walikuwa wanamsimulia waume zao.

Mchana Kemilembe alisoma risala. Aliisoma bila kukwama, sauti yake inafika mpaka kwenye sufuria. Kyaruzi alikaa mstari wa nyuma na Annastella mapajani, hakusikia hata nusu ya maneno kwa jinsi moyo ulivyojaa. Mikono alikuwa ameificha kwenye mikunjo ya gauni la mtoto. Utomvu ulikuwa umeingia kwenye kila mstari wa kiganja na kuzunguka kucha, na safari hii hapakuwa na masizi ya kuufunika.

Ukafika wakati wa vyeti. Kila mhitimu aliitwa na mzazi wake. Wakatembea pamoja, Kemilembe mbele kidogo, Kyaruzi na mikono mifukoni. Mgeni rasmi akampa binti cheti, kisha akamnyooshea baba mkono. Kyaruzi akasita, akautoa nusu. Mgeni rasmi akaushika, akaugeuza kidogo, akacheka kwa ukarimu.

"Mzazi, leo hata Jumamosi uko kazini? Naambiwa wewe ni fundi. Haya ni masizi?"

Kipaza sauti kilikuwa karibu na maneno yalisikika uwanja mzima. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Kyaruzi angesema ndiyo, na mambo yangekwisha. Alifungua mdomo, akamwona Kemilembe anamtazama, akaufunga.

"Si masizi," Kemilembe akasema kwenye kipaza sauti. "Ni utomvu wa ndizi. Baba ndiye anayetupikia, tangu nikiwa darasa la tano. Mimi huwa naosha vyombo tu."

Akaushika ule mkono mweusi wa baba yake na hakuuachia mpaka walipofika kwenye viti. Wamama wa darasa la kumenya walianza makofi. Wengine wakafuata, na mwishoni hata kule kwenye turubai walipiga. Kyaruzi alilia waziwazi, mwanaume wa Kagoma, mbele ya mgeni rasmi. Philbert akamwazima leso yake, ambayo haikuwa safi.

Kesho yake ziwa lilikuwa limetulia, na Alistidia alifika baada ya ibada. Alipokata kona ya kwenda nyumbani alimkuta mumewe ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, mkabala na barabara, kisu mkononi, beseni la maji miguuni, anaitikia salamu za watu wanaotoka kanisani. Kemilembe alikuwa amekaa pembeni yake anazuga na kitabu. Ma Violeth alikuwa ameinama juu ya ndoo yake, anayageuzageuza maganda.

"Karibu, mwalimu," Ma Violeth alimwambia Alistidia. "Nisaidie kumwambia mumeo ayakate manene kidogo. Mbuzi wangu atanifia."

"Mbuzi ale majani," Kyaruzi akasema, na akachukua ndizi nyingine. "Hizi ni za watoto wangu."