Suruali ya Mwenyekiti Wekoye

Gathoni ni fundi wa nguo mjini Kitale, na kila Alhamisi huenda Tongaren kufundisha wanawake kushona. Hushuka kwenye bodaboda akiwa amekipakata kichwa cha cherehani, kimefungwa leso kama mtoto mchanga, na kabla hajamsalimia mtu hukifunua uso aone kama kimefika salama. Siku ya kwanza wanawake walimkimbilia kumpa pole ya uzazi.

"Na umri huu, mama?" mmoja akamwuliza.

"Huyu wangu hanyonyi," akajibu. "Anakunywa mafuta ya mashine tu."

Alizaliwa Saboti, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Murang'a wakiwa na jembe na mbegu za viazi. Alilea watoto kwa sindano. Mwanawe wa mwisho, Muchiri, alipoondoka kwenda kujitegemea, nyumba ilinyamaza hadi akawa anausikia uzi ukipita kwenye tundu la sindano. Ndipo akaanza kufundisha bure. Watu walimwuliza analipwa na nani.

"Nalipwa na kile kimya," akasema. "Kinanifukuza nyumbani kila Alhamisi."

Darasa lake lilikuwa katika ukumbi mdogo kando ya kanisa, wenye mlango mmoja na dirisha moja lisilo na kioo. Mambo yalikwenda vyema mpaka mahindi yalipoanza kukauka shambani. Hapo Mwenyekiti wa kanisa, Bwana Wekoye, akasimama mlangoni akaupima ukumbi kwa macho, kama mtu anayehesabu magunia ambayo bado hayajafika.

"Mama Muchiri," akamwambia Gathoni, "mavuno ya mwaka huu ni makubwa. Hapa patafaa kuwa ghala."

"Na sisi twende wapi?"

Wekoye alikuwa mtu wa haki, lakini pia alikuwa mtu wa kupenda suti. Akajikuna kidevu. "Basi nishoneeni suti. Nikiivaa Jumapili ya mavuno nikaonekana mtu mbele ya watu, ukumbi ni wenu. Nikikosa kuonekana mtu, mahindi yanaingia Jumatatu."

Gathoni alikubali kabla hajamaliza kusikia. Alhamisi iliyofuata wanafunzi walipiga kura kwa vijiti kugawana kazi. Koti lilimwangukia Sellah, msichana mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Suruali ilimwangukia Phelista, mama wa makamo aliyejua kutia zipu kuliko wote. Phelista alikitazama kile kijiti kama mtu aliyeokota nyoka. Lakini kabla hajasema neno, Wekoye mwenyewe akaingia, tayari kupimwa.

Phelista akatoka kwa dirisha.

Hakuaga. Alipandisha mguu mmoja, akapandisha wa pili, na kilichobaki ukumbini ni kiatu chake cha kushoto.

"Nini hii?" Gathoni akauliza.

"Mwalimu, si huyo ni mkwewe!" Sellah akasema. "Mwenyekiti ameoa Roselyne, binti wa Mama Phelista. Hawawezi kuwa nyumba moja. Hata mkono hawapeani."

Gathoni aliijua mila hiyo, maana ameishi na Wabukusu maisha yake yote. Asichokijua ni kwamba mkwe mwenyewe ndiye aliyekuwa amesimama mbele yake akitoa mkanda.

Akatupa tepu begani. "Sawa, nitapima mwenyewe."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wekoye, kuona wanawake wote wanamtazama, alivuta tumbo ndani. Alilivuta likapanda kifuani, akawa na umbo la mwali anayesubiri mahari. Macho yalimtoka kidogo, lakini alikuwa akitabasamu. Gathoni akazungusha tepu, akasoma namba kwa sauti, na Sellah akaandika kwa chaki ukutani.

Kutoka nje, chini ya dirisha, sauti ikasema: "Sellah! Mwambie Mwalimu hilo si tumbo lake."

"Mama Phelista anasema hilo si tumbo lako," Sellah akamwambia Wekoye moja kwa moja.

"Mwambie mama mkwe ni langu," Wekoye akajibu kwa sauti nyembamba, maana hewa ilikuwa haitoshi.

"Mwambie sijawahi kuliona kwa karibu," ile sauti ikaendelea, "lakini ndimi ninayelipikia akija kwetu. Kuku anaingia mzima, sahani inarudi na mifupa. Kuku hao wameenda wapi?"

Gathoni akakunja tepu. "Mama Roselyne, tepu haidanganyi," akasema kuelekea dirishani. Na hilo likawa limekwisha.

Kikabaki kikwazo kimoja. Phelista aligoma kushika suruali ya mkwe. Kumpikia ni heshima, alisema, lakini kumshonea kiti cha suruali, pale anapokalia, ni kumwangalia kwa mikono. Ndipo Gathoni akapata wazo. Walichukua gunia, wakalijaza magunzi ya mahindi, wakalifunga kamba mpaka likafika ile namba ya ukutani. Wakaliita Bwana Gunia.

"Sasa huyu hajaoa kwako," Gathoni akamwambia Phelista.

Phelista alimzunguka Bwana Gunia, akamchunguza, akaridhika kwamba hawana undugu. Tangu siku hiyo alimshonea kwa furaha, akimgombeza bila kuchoka. "Simama vizuri wewe! Unalegea kama mtu amekunywa busaa." Suruali ikatoka nzuri sana. Ilimkaa Bwana Gunia kama aliyezaliwa nayo.

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa. Wekoye aliingia akiwa amevaa suti nzima, akitembea polepole kwa hatua fupi, uso umeiva. Watu walinong'ona. Wengine walidhani ni utakatifu. Gathoni, aliyekuja kutoka Kitale kuona kazi ya darasa lake, aliona jinsi zipu ilivyokuwa ikimsihi Mungu, akafumba macho.

Wimbo ukaanza. Wekoye akasogea mbele ya madhabahu kunyanyua kikapu cha mahindi ya kwanza. Akainama.

Ule mlio ulisikika hadi kwaya. Mshono wa nyuma uliachana kutoka juu hadi chini, na zipu ikafuata kwa huruma. Wekoye akageuka, akakumbuka kwamba hawezi kugeuka, akashika kikapu nyuma, akatoka kwa mlango wa pembeni kinyumenyume kama kaa, moja kwa moja hadi ukumbini. Gathoni na wanafunzi wake wakamfuata mbio.

"Imbeni beti zote!" Sellah akaiambia kwaya alipokuwa akipita.

Ukumbini waligundua hawana kitambaa cha kuziba. Sellah akatoa leso ambayo Phelista aliisahau humo, na Wekoye akapiga yowe kabla haijamfikia. "Hiyo hapana! Heri nibaki hivi!"

Gathoni akamtazama Bwana Gunia pale pembeni. Akachukua mkasi. Magunzi yalimwagika sakafuni, na kipande cha gunia kikawekwa panapostahili. Wakamsimamisha Wekoye akitazama ukuta, wakaanza kumshonea humo humo, sindano kila upande.

"Vuta pumzi, Mwenyekiti."

"Sivuti tena," akasema kwa huzuni. "Nimevuta ya kutosha."

Kwaya ilikuwa imefika ubeti wa mwisho. Ikabaki mishono michache tu. Ndipo sauti ikatoka chini ya dirisha.

"Sellah! Mwambie mkwe wangu sindano imechoka. Inauliza italala wapi mahindi yakiingia."

Wanawake wote wakasimamisha mikono. Gathoni naye akasimamisha, ingawa alijifanya anatafuta uzi. Kanisani, kwaya ilianza kurudia kiitikio kwa mashaka.

Wekoye aliutazama ukuta. Ile namba ya chaki ilikuwa bado pale, mbele ya pua yake.

"Mwambie mama mkwe," akasema mwishowe, "sindano italala hapa hapa. Mahindi yatalala kwangu sebuleni, kama binti yake atakubali."

Mikono ikaanza tena, haraka. Wekoye akarudi kanisani, akatangaza mbele ya watu wote kwamba ukumbi ni wa wanawake wa cherehani. Watu wakapiga makofi. Alipogeuka kwenda kuketi wakapiga zaidi, maana kwenye kiti cha suruali ilisomeka wazi: KILO 90.

Alhamisi iliyofuata alikuja na suruali kwapani apimwe upya. Phelista akatoka kwa dirisha, safari hii na viatu vyote viwili. Gathoni akazungusha tepu, kisha akasita.

"Imba, Mwenyekiti."

"Niimbe nini?"

"Chochote. Mtu anayeimba hawezi kubana tumbo."

Wekoye akaimba ule wimbo wa mavuno, na kwenye kiitikio tumbo likatoka polepole, likakaa mahali pake. Gathoni akasoma namba. Sellah akafuta ile ya zamani ukutani.

"Sasa," ikasema sauti chini ya dirisha, kwa fahari ya mtu aliyeona kazi ya mikono yake, "hao ndio kuku zangu."