Wivu wa Katochi

Juzi, kwenye kliniki ya ngozi hapa Kasulu, tulioonwa tayari tulikaa kwenye benchi na mirija yetu ya dawa ya kupaka. Mlango ulikuwa wazi. Daktari alimwinamia mama mmoja na kioo cha kukuzia chenye taa, akakigusisha kwenye baka jekundu begani, akafuta kioo, akatazama tena.

Jirani yangu, mama aliyetoka Kibondo, alibenua midomo. "Mimi kaniangalia kwa macho tu, eti fangasi. Huyo ni nani kwao, amulikwe hivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hata mimi roho iliniuma.

Mwenye baka alipotoka, wa Kibondo akamwahi. "Mwenzangu, kale katochi kanaponya upesi?"

"Hakaponyi, kanatafuta." Alivuta kitenge kufunika bega. "Daktari anahofia limfoma ya ngozi, aina ya saratani. Watakata kipande cha ngozi wakapime."

Kisha macho yake yakatua kwenye mrija wa mwenzake, yakaganda hapo.

"Kumbe wewe umepewa dawa?"

Wa Kibondo aliufunika mrija wake kwa kiganja. Mimi wangu niliusukumiza mfukoni, kama kitu cha wizi.