Samli Kwenye Nguzo za Simu

Jamani, sijui nifiche wapi uso. Kazi yangu hapa Zuzu ni kufuta vikombe vya kaure vinavyoshika waya wa simu, umeme usivujie nguzoni maneno yakafika Dodoma yamevurugika. Mimi mjuaji nikavipaka samli ving'ae, kama tunavyojipaka wenyewe nywelezi. Vumbi likaganda, manyunyu yakaja, simu zikaharibika.

Leo Mdachi, bwana mkubwa wa simu, ameuliza nani kachezea waya. Nikamtaja jirani yangu, Mzee Chilongani, maana mbuzi wake hujikuna nguzoni. Akachapwa viboko mbele ya wajukuu zake.

Kisha Mdachi akapanda nguzo mwenyewe. Aliposhuka alinusa kidole, akatazama nywele zangu zinavyong'aa.

Mzee, akiwa bado chini, akaniambia taratibu, "Mwanangu, si ile samli niliyokupa?"