Kuku wa Mwisho

Mdogo wangu ni kinyozi, na watu wanamwita Taratibu. Jina hilo amelipata kwa haki. Kichwa kimoja kinamchukua muda ambao wenzake wangenyoa vitatu, na mteja akilalamika anaambiwa, "Tulia baba, sikio likikatika halioti tena." Mimi ni dada yake. Nashona nguo chumba cha pili, na mlango wa kati yetu haufungwi, kwa hiyo namsikia kutwa nzima: mashine inavyonguruma, brashi inavyopangusa shingo, na umbea wa wanaume, hao hao wanaosema wambea ni wanawake. Haya bwana.

Kwenye kona ya duka lake, pembeni ya benchi la wateja, kuna mashine ya gemu, kabati refu la zamani lenye skrini na vishikio viwili. Aliikuta humo alipopanga chumba. Ni gemu ya kupigana ya watu wawili: mnatembea pamoja mtaani, majambazi wanawajia pande zote, nanyi mnawatwanga mpaka mfike kwa jitu la mwisho. Ukifa, skrini inakuuliza kama unaendelea, inahesabu kurudi nyuma kwa kukusuta. Sisi tuliendelea kila mara. Taratibu alikuwa anafungua kijimlango cha chini kwa ufunguo, anabofya swichi, tunafufuka. Kumaliza kwa namna hiyo ni kudanganyana tu, lakini tulikuwa tunacheka, basi.

Kilichokuwa kinatuua ni kuku. Ukivunja pipa anatoka kuku wa kuchoma, na anayemla anarudishiwa nguvu. Hagawanyiki. Asipoliwa upesi anameta-meta, kisha anatoweka. Watu wengine wanamgombania. Sisi je?

"Kula wewe, dada."

"We kula bwana, umebakiwa na nguvu kidogo."

"Aka! Kula, mimi nipo sawa."

Na kuku huyo, hayupo! Ndivyo tulivyolelewa. Nyumbani kwetu kipande cha mwisho kilikuwa kinabaki kwenye sahani mpaka kinakauka, kila mtu anamwachia mwenzake. Wateja walikuwa wanashika vichwa: "Nyie mna wazimu? Si mmoja ale!"

Mwaka huu mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka.

Mwanzoni aliuficha. Akawa anabana kiwiko kwenye mbavu ili utulie. Mtu akitaka ndevu zitolewe kwa wembe, anaambiwa nyembe zimeisha, na mimi naziona pale kwenye droo zimejaa tele. Kila aliponyamazisha mashine, nami nilisimamisha cherehani nisikilize. Mpaka siku moja nikasikia, "Aah!" Alikuwa mwalimu mmoja, mteja wake wa miaka yote, damu inamtoka nyuma ya sikio. Alisema si kitu, akacheka, akaaga vizuri. Hajarudi tena.

"Twende kwa daktari," nikamwambia.

"Daktari wa nini? Nimechoka tu."

"Uchovu gani huo unaochagua mkono mmoja?"

Tuligombana wiki nzima. Nilimsema mbele ya mkewe, nikamsema mbele ya wateja, akawa ananiitikia "sawa dada, sawa dada" na hatoki hata hatua. Mwisho akaja na lake. "Tucheze gemu, bila kuendelea. Mtu wangu akifika mwisho yu hai, basi mkono wangu mzima na usinitajie daktari tena. Akifa, nakufuata popote." Akanikabidhi ule ufunguo.

Jamani! Baba wa watoto anapimwa ugonjwa na gemu! Lakini namjua, akishasema amesema, na mimi sikuwa na njia nyingine. Nikaufutika ufunguo kifuani.

Tulicheza mchana wa mvua, wateja hakuna. Na yeye, Mungu anisamehe, alikuwa anacheza vizuri! Aliegemeza mkono kwenye ukingo wa mashine, ameuma mdomo, vidole vinagonga batani hata pale asipotaka, na bado majambazi wanaanguka. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu mwalimu aondoke. Mimi nilikuwa namlinda mgongo kwa mazoea, huku naomba afe. Kuku wa kwanza, kula wewe, kula wewe, akatoweka. Wa pili vivyo hivyo.

Tukafika kwa jitu, lile lenye mnyororo. Wote tumebakiwa na uhai mmoja mmoja, nguvu zetu zimebaki kipande kidogo cha mstari mwekundu. Nikavunja pipa. Kuku akatoka, akadondoka mbele yangu.

Nikasubiri aniambie nile.

"Dada," akasema, "huyu niachie mimi."

Huyu mtu hajawahi kuniomba kitu tangu azaliwe. Sauti ilikuwa ndogo, ya utotoni. Nikatupa jicho kwenye mkono wake: ulikuwa unatetemeka mpaka ubao wa mashine unalia. Angemla, angeshinda. Na keshokutwa angeshika wembe kwenye koo la mtoto wa mtu, nami ningekuwa nimenyamazishwa.

Nikamla.

Jitu likamnyanyua mtu wake, likambwaga. Akameta-meta, akatoweka. Skrini ikaanza kuhesabu.

"Umekula," akasema.

"Nimekula."

Bora angenitukana. Alisimama tu anaangalia namba zinashuka, na ufunguo niko nao, mpaka zikaisha. Jitu nililimaliza peke yangu, nalia, nalitukana matusi yote ninayoyajua. Skrini ikawaka fataki, na hakuna aliyeziangalia. Yeye alikuwa anafuta nyembe zake, mmoja mmoja, taratibu, anazirudisha kwenye droo.

Neno lake alilitimiza. Asubuhi tulikwenda. Kwenye benchi nje ya chumba cha daktari nikafungua mkate, nikaukatakata, tukala kila mtu anaangalia kwake. Kikabaki kipande kimoja kwenye karatasi, katikati yetu. Nilitaka kusema kula wewe, nikaona aibu. Nilichokuwa naogopa sasa ni kwamba hatanisamehe, na kwamba huko ndani ataambiwa jambo baya, na yote mawili nimeyaleta mimi.

Muuguzi akachungulia, akasema anayefuata.

Mkono wake ukaja, unatetemeka. Ukakikosa kile kipande, ukarudi tena, ukakichukua. Akakila chote, bila kuniuliza.

"Usiondoke hapa, dada," akaniambia, akaingia.