Wifi Alivyoniletea Isale

Sogea nikwambie, msomaji, ila usinicheke sana. Nyumbani kwangu Shirimatunda waya wa chaji ulikatwa vipande, kesho yake kochi likatoboka. Sungura wangu nilimkuta amejilaza, mpole kabisa, nikaona huyu hawezi kuwa ndiye. Nikamshuku wifi yangu Ndeshi, aliyekuwa mgeni wetu. Alipokana, nikamwambia asirudi kwangu bila isale, jani letu la kuombea msamaha.

Jumapili akashuka kutoka Machame na mama mkwe, jani mkononi. Kabla sijalipokea, kochi likatikisika. Sungura akachomoza chini yake, sponji mdomoni.

“Ndeshi mwanangu, mpe wifi yako hilo jani,” mama mkwe akasema. “Akuombe nalo yeye.”

Ukifuga sungura ndani, mpe nyasi kavu atafune na boksi la udongo achimbe.